Namba Isiyotajwa kwa Sauti

Katika duka lile mashine ya kadi ilifungwa kwa waya mfupi nyuma ya kioo, kwa sababu iliyotangulia iliibwa palepale kaunta. Ukazuka utaratibu ambao hakuna aliyeuhoji: mteja alipenyeza kadi chini ya kioo, akataja namba yake ya siri, na keshia akaibonyeza kwa niaba yake. Keshia huyo, ambaye wateja walimbandika jina la Haraka, alijigamba kwamba hakuwahi kumuuliza mtu namba mara mbili.

Mfuaji wa nguo za hospitali alifika kaunta siku ya mshahara, wifi yake akiwa amemganda mgongoni kama kupe. Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa ameitumia kadi yake mwenyewe ya mkopo mpaka ikakauka, na tangu ahamie kwao aliikodolea macho kadi ya mfuaji. Mara kadhaa aliichomoa mkobani bila ruhusa, akanunua vitu vidogo ambavyo mashine huvikubali kadi ikigusishwa tu. Alichokosa ni namba. Akiipata, mshahara wote ungekuwa wake, na mfuaji alilijua hilo.

"Namba, dada," alisema Haraka, kidole kikiwa tayari.

"Nipe mashine nibonyeze mwenyewe."

"Haitoki. Wenzako wote wanataja. Wewe una nini cha kuficha?"

"Mtajie, wifi," alidakia wifi mtu, akizidi kusogea. "Au unaniogopa mimi? Mimi mwizi?"

"Sijasema mwizi. Nimesema rudi nyuma."

"Hujasema! Kaka yangu kakuoa huna hata godoro, leo unanifukuza kama kuku!"

Foleni ikaangua kicheko.

"Mama, taja twende zetu!" alifoka fundi viatu aliyekuwa nyuma yao. "Kwani humo mna mamilioni?"

Mfuaji hakugeuka. Alitenga unga kando ya vitu vingine. "Piga huu peke yake. Halafu gusisha."

"Peke yake?"

"Husikii?"

Haraka akafyonya, akagusisha. Mashine ikalia bila kuuliza chochote. Yakafuata mafuta ya kupikia, peke yake. Ikafuata sabuni, peke yake.

"Huyu anatuchezea shere!" fundi viatu alipaza sauti. "Tutalala hapa!"

"Kamlaumu aliyefunga waya, baba. Mimi nanunua."

Kaunta ilibaki na losheni na chupa ya manukato, ambavyo wifi alikuwa amevitumbukiza kikapuni bila kuuliza. Haraka aligusisha kwa ajili ya losheni, lakini safari hii mashine iligoma. Kadi ilikuwa imegusishwa mfululizo, na sasa benki ilidai namba.

"Haya, ujanja umekwisha," Haraka alisema kwa furaha ya wazi. "Taja."

"Vilivyobaki sivitaki. Nirudishie kadi."

Haraka aliisukuma kadi chini ya kioo kwa hasira. Mkono wa wifi ulitangulia. Aliidaka, akaishika kwa vidole viwili mbele ya uso wa mfuaji.

"Taja, au naivunja."

"Vunja."

"Nitaivunja kweli, wifi! Usinijaribu!"

"Na mimi nasema vunja. Unangoja nini?"

Wifi aliikunja kadi, ikapinda, haikukatika. Aliitazama, kisha akaisokomeza kifuani mwake na kukunja mikono. "Haya. Njoo uitoe."

Foleni ikasogea kutazama. Hata Haraka aliinuka kwenye kiti. Mfuaji aliweka unga, mafuta na sabuni ndani ya mfuko, akaufunga fundo, ndipo akatoa simu na kupiga benki, spika ikiwa wazi ili wote wasikie.

"Karibu, mteja. Tukusaidie nini?"

"Nifungieni kadi yangu. Sasa hivi."

"Imepotea?"

"Haijapotea. Imechukuliwa."

"Pole sana. Aliyeichukua unamfahamu?"

"Wifi, kata simu," alinong'ona wifi, mkono ukipapasa kifua. "Wewe, kata! Hii hapa, chukua!"

Mfuaji aliitazama kadi iliyopinda, hakuipokea.

"Namfahamu," aliiambia simu. "Nalala naye nyumba moja. Fungeni."