Gari Lililolishwa Jua

Mlima ulipotema moto na mamlaka wakatuambia tuhame mji, gari langu, Carina ya zamani, lilikuwa tayari. Lilikuwa limeegeshwa likiangalia barabara, kama anavyoegesha kila mtu mwenye akili hapa Goma. Tanki lilikuwa na mafuta, magurudumu yalikuwa na upepo. Nilipakia godoro na sufuria, mke wangu na binti yetu Igihozo wakaingia, nikazungusha ufunguo. Gari likasema "tk", likanyamaza. Tukashuka, tukajitwisha godoro, tukaenda Sake kwa miguu pamoja na mji mzima. Nilipogeuka nyuma, ile Carina ilikuwa bado inaangalia barabara, kama mtu aliyevaa viatu vya safari akiwa hana miguu.

Kosa lilikuwa la batri. Mafuta ni ghali, kwa hiyo gari lilitoka Jumapili tu, kwenda kanisani. Siku nyingine lililala, na gari likilala batri hupungua, hasa kama kuna kitu kinachoinyonya. Changu kilikuwa king'ora nilichokifunga mwenyewe ili wezi wasiliibe. Usiku na mchana kilikunywa umeme. Nililinda kwa bidii gari ambalo hata mwizi asingeweza kuliwasha.

Mimi ni fundi wa redio. Kazi hii sikuisoma shuleni; niliijua kwa kufungua vitu na, mara nyingi, kwa kuviunguza. Tuliporudi kutoka Sake niliamua kwamba aibu ile isitupate tena. Nikanunua paneli ndogo ya sola, upana wake kama sinia kubwa, nikaiunganisha na batri kupitia kisanduku kinachozuia chaji isizidi. Paneli ya namna hiyo haiwashi gari. Kazi yake ni kuirudishia batri, kidogo kidogo, kile inachopoteza.

Sikuipandisha juu ya bati, maana niliogopa wezi. Niliiweka uani kwetu Keshero, juu ya miguu minne ya mbao, ikanifika kiunoni. Nilifikiri sana juu ya mwinamo wake. Kwingine huiinamisha, lakini kwetu jua hupita juu ya utosi, basi niliilaza karibu sawasawa, nikaipima kwa chupa yenye maji nusu. Nilijiona mtu wa sayansi.

Jirani yangu Twahiru, dereva wa lori, alikuja kuitazama. Yeye batri yake aliitoa na kuilaza chini ya kitanda, ili wenye silaha wakija wasiondoke na lori.

"Papa Igihozo," akaniambia, "gari yako inaota jua kama mujusi. Tutaona kama itakimbia kama mujusi."

Ilikimbia. Kwa mwaka mzima iliwaka kwa mzunguko mmoja wa ufunguo, na mimi nilikuwa naizima na kuiwasha tena mbele ya kanisa bila sababu yoyote.

Kisha vita vikarudi Rutshuru, na mama mkwe wangu, Mukabalisa, akaja kukaa kwetu akichechemea mguu mmoja. Binti yake mdogo, Umwiza, alibaki Kibumba na shamba lake na mimba yake. Huko watu walikuwa wanavuna maharagwe kabla hayajakauka, kwa kuogopa kwamba kesho watavuna wengine. Umwiza alimtumia mama yake magunia yenye unyevunyevu, na mama akawa anayashughulikia mchana, nikiwa kazini. Sikujua anayashughulikia vipi. Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali: hatuketi benchi moja, simuulizi maswali, na neno likiwa zito hupitia kwa mke wangu.

Tangu hapo batri ikaanza kudhoofika. Kila jioni nilirudi, nikaikuta paneli safi inang'aa, nikapima, nikaona umeme umeshuka. Sipendi kuharakisha kulaumu, kwa hiyo nilichunguza. Kwanza nilishuku moshi wa mlima. Nikabadilisha nyaya. Nikafungua kile kisanduku, nikakifunga, nikakifungua tena. Halafu nikagundua jambo la ajabu: Jumapili umeme ulipanda. Jumapili tu. Nilikaa na jambo hilo wiki kadhaa, na mwisho nikapata maelezo: Jumapili malori ni machache, vumbi ni kidogo, mwanga unafika vizuri. Nilimweleza Twahiru. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema labda pano yangu, ndivyo anavyoiita paneli, imeokoka, inafanya kazi siku ya Bwana tu.

Ili kuwa na hakika zaidi, kila jioni nilijaribu kuwasha gari. Kila jaribio lilikunywa sehemu ya umeme uliobaki. Hilo nililijua, lakini nilitaka kujua zaidi.

Nilimwomba pia mke wangu aulize, kwa adabu, kama kuna mtu anayeigusa paneli mchana. Jibu la mama mkwe lilikuja kupitia kwake: hakuna, mama anaichunga yeye mwenyewe, hata watoto wa jirani hawaisogelei. Nikaona haya kwa kuuliza.

Siku risasi zilipoanza kuvuma Kibumba, mke wangu alinipigia simu dukani kabla ya saa sita. Umwiza alikuwa ametembea mpaka Kanyaruchinya na uchungu ulikuwa umemshika. Amekaa kando ya barabara. Mtu asiyemjua ndiye aliyempa simu. Pikipiki zote zilikuwa zimejaa watu na mizigo, hakuna iliyosimama. Na Umwiza alishampoteza mtoto mmoja, kwa kukawia njiani namna hiyo hiyo.

Nilikimbia nyumbani. Na kwa kuwa sikuwahi kurudi saa ile, niliona kile ambacho sikuwahi kukiona: paneli yangu imefunikwa maharagwe kutoka ukingo hadi ukingo, yamepangwa tabaka moja, mekundu, mazuri. Mama mkwe alikuwa amesimama kando yake akiyageuza kwa kiganja.

Nikaingia garini, nikazungusha ufunguo. "Tk."

Mama mkwe akasogea. Kwa mara ya kwanza tangu aje, aliniuliza neno moja kwa moja. "Inakosa nini?"

"Batri haikupata jua, Mama."

Akatazama juu, akatazama maharagwe. "Jua? Jua liko hapa yote. Hii meza uliyonitengenezea haijakosa jua hata siku moja. Kwenu huku chini ni mawe matupu, nilijiuliza nitaanika wapi. Nikaikuta imesimama, sawasawa kabisa, hata punje haianguki. Jioni naipanguza, na siku ya Bwana sianiki kitu. Nikamwambia Mungu, huyu mukwe ananifikiria, na hasemi."

Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, aliangalia pembeni. Baadaye aliniambia kwamba siku zote alidhani najua na navumilia kwa heshima, kwamba swali langu la paneli alidhani ni la watoto wa jirani, na kwamba kwa sababu hiyo alinipenda zaidi. Hata hilo sikulistahili.

"Asante, Mama," nikasema.

Kisha nikafanya kile ninachokijua: nikaanza kuhesabu kwa sauti. Tukiondoa maharagwe sasa, tukaifuta paneli, na mawingu yakikaa mbali, basi kesho kutwa batri...

"Umwiza hangoji kesho kutwa," mama mkwe akasema. "Hii kitu inasukumwa?"

Inasukumwa. Mimi, fundi, sikuwa nimelifikiria. Yeye alishatoka barabarani na mguu wake, anaita watu. Twahiru akaja, na wauza makaa wawili, na mwalimu wa shule ya jirani na chaki mkononi. Wakaliingiza gari kwenye mteremko unaoshuka ziwani. Mama mkwe alikaa kiti cha nyuma, kwa heshima, akaniambia nikaze moyo. Twahiru alisukuma huku akiniuliza kwa upole kama leo si Jumapili. Karibu na mwisho wa mteremko nikaachia klachi, gari likaruka, likakohoa, likawaka.

Kuanzia hapo nilikuwa na wazo moja tu: injini isizimike. Kupanda Kanyaruchinya tulikwenda kinyume na watu, mbuzi, na chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizobeba magodoro, na kila niliposimama mguu wangu ulibaki kwenye mafuta, gari likinguruma mahali pamoja kama ng'ombe aliyefungwa. Umwiza tulimkuta amekaa juu ya kifurushi chake, kanga kaiuma kwa meno. Mama yake alishuka kabla sijasimama sawasawa. Tukageuza. Kituo cha afya cha kwanza kilikuwa kimejaa mpaka uani. Cha pili, tulipoingia mjini, wakampokea, mama yake akaingia naye.

Mimi nilibaki nje, chini ya dirisha, mguu kwenye mafuta. Nilihesabu kwamba akihitaji kupelekwa hospitali kubwa gari lazima liwe linawaka. Muuguzi alitoka akaniomba nizime. Nikamweleza habari ya batri, jua, king'ora na maharagwe, kwa mpangilio. Akarudi ndani kabla sijafika kwenye maharagwe. Moshi ulikuwa unaingia dirishani. Nilisogea hatua chache mbele, nikaendelea kunguruma.

Mwisho mama mkwe akatoka. Alikuja mpaka kwenye kioo changu, karibu kuliko desturi inavyoruhusu, na uso wake sikuweza kuusoma.

"Papa Igihozo, zima hii kitu."

"Mama, nikiizima haitawaka tena."

"Basi isiwake. Watu wa kusukuma hawakosi hapa Goma. Zima, tumusikie mutoto."

Nikazima. Kwa muda sikusikia lolote, maana masikio yangu yalikuwa bado yananguruma. Kisha nikamsikia. Alikuwa mtoto wa kike, na alikuwa amekasirika sana.