Maji ya Mkaguzi

Asubuhi ile dereva wa gari la maji alimwaga maji mpaka uwanja wa machimbo ukawa tope. Ndiyo desturi yao. Mkaguzi akitajwa tu, meneja humtuma alowanishe ardhi kuizunguka mashine ya kupima vumbi. Mkaguzi akishaondoka, gari la maji linaegeshwa.

Kilima kilikwishavuliwa nyasi zote. Jua likiupiga ule udongo mtupu, hewa juu yake inachemka na kupanda, upepo unazoa vumbi unalimwaga mtaani: kwenye sufuria, kwenye mito ya kulalia, kwenye vifua vya watu. Mama yake dereva mwenyewe alikuwa anakohoa mpaka nyumba ya tatu wanamsikia. Na mwana ndiye mwenye maji! Aibu gani hiyo?

Mkutano ulifanyika chini ya turubai, hapo hapo palipolowa. Upepo ulivuma, vumbi hakuna.

"Mashine inaonyesha hewa safi," mkaguzi alisema. "Nyinyi mnasema mnakula vumbi. Nimwamini nani?"

"Muulize dereva!" alidakia fundi viatu, jirani yake wa ukuta mmoja. "Huyu ni wetu. Sema, mwanangu. Wakibanwa watafukia mashimo, wapande nyasi, tupumue."

Meneja akatabasamu. "Sema, kijana. Na wale wanaotafuta kazi pale getini wakusikie."

Dereva akasimama. Mama alikuwa kiti cha mbele, kavaa gauni lake la kutokea, anamwangalia kwa fahari kama siku ile alipomletea habari kwamba kapata kazi.

"Unamwaga maji kila siku?" mkaguzi aliuliza.

"Kila siku, bosi. Mpaka kule mtaani kwetu."

Watu wakaguna. "Lo! Huna hata haya!" fundi viatu akasema. Dereva aliinamia viatu vyake vilivyojaa tope, akaona uso unawaka moto.

Mkaguzi akamgeukia yule mama wa mbele. "Na wewe, mama, vumbi linakusumbua?"

Kikohozi kilikwishampanda. Dereva alikiona: mabega yakainuka, macho yakajaa machozi. Mama alimtazama mwanawe, akaziba mdomo kwa kiganja, akakaza shingo mpaka mishipa ikamtoka. Kisha akatikisa kichwa: hapana.

Mkaguzi akamshukuru, akaanza kuagana na watu mmoja mmoja, bila haraka. Mama alibaki kaziba mdomo, mwili mzima unatetemeka, akingoja gari la mkaguzi liondoke.