Kisu Kiunoni mwa Mzee wa Baraza

Mzee Elimringi alikuwa amestaafu ukarani wa mahakama, lakini sheria yenyewe ilikataa kustaafu kichwani mwake. Kuku wa jirani wakiingia kwenye bustani yake pale Shirimatunda, hakuwafukuza kwanza. Aliwasomea shtaka la kuingia kwa jinai, ndipo akawarushia kandambili. Watoto wa mtaani walimwita Kifungu. Mkewe, Mama Stella, alikuwa ameshazoea. Aliwaambia majirani kwamba kuna waume wanaokoroma na kuna waume wanaohukumu, na yeye alipewa wote wawili kwa mahari moja.

Ulikuwa mwaka ule uliofuata mvua kubwa, barabara za mlimani zikiwa bado zimechimbika kama magego mabovu. Binti yake Stella, mwalimu wa chekechea, alikuwa amepata mchumba. Jina lake Filemon, kijana wa Kilema, mpishi wa wageni wanaopanda mlima. Siku ya kujitambulisha Filemon alikuja na mjomba wake, mkungu wa ndizi na kreti la soda. Alikuwa ameshuka kutoka mlimani asubuhi ileile, akaoga haraka, akavaa shati jeupe, akafunga mkanda. Kwenye mkanda, kama kila siku ya maisha yake, kulikuwa na kisu.

Hakikuwa kisu cha kukunja, cha kuficha mfukoni. Kilikuwa chuma kimoja kutoka ncha hadi mwisho wa mpini, ndani ya ala ya ngozi nyeusi. Mgeni mmoja Mjerumani alimwachia kwa kufurahia supu yake.

"Shikamoo, baba," Filemon aliamkia, akiinama.

"Marahaba. Hicho kiunoni nini?"

Filemon alijitazama kiunoni kama mtu anayeonyeshwa mdudu. "Ni kisu, baba. Cha kazi."

"Cha kazi. Humu sebuleni kwangu kuna kazi gani?"

Mjomba alicheka kidogo, akidhani ni utani. Mzee Elimringi hakucheka. Alivaa miwani, akasimama, akaeleza kwamba mtu kwenda mbele za watu na silaha bila sababu halali, kwa namna ya kutisha, ni kosa; kwamba mambo ni mawili, sababu na kutisha; na kwamba yeye Elimringi alikuwa ametishika. Stella, aliyekuwa akichungulia mlangoni na sinia la glasi, alisema, "Baba, hukutishika. Ulikuwa unakiangalia tu."

"Nilikuwa nakiangalia kwa kutishika," alijibu baba yake.

Basi akakichukua kisu, akatangaza kuwa ni kielelezo na kitabaki mikononi mwa mahakama.

"Sasa baba, nitakipata lini?" Filemon aliuliza kwa adabu.

"Shauri likiisha."

"Shauri la kisu?"

"La kisu. Na la Stella pia. Yote yameahirishwa."

Wageni wakanywa soda zao, wakaondoka. Mkungu ukabaki, maana huo haukuwa na kosa.

Usiku ule kisu kililala juu ya kabati. Asubuhi Mzee Elimringi alikishusha ili akikague, kama kielelezo kinavyopaswa kukaguliwa. Akakijaribu kwenye chungwa. Ganda lilitoka utepe mmoja mrefu, halikukatika hata mara moja. Alikaa akilitazama lile ganda. Maisha yake yote alikuwa amemenya machungwa kwa kisu cha jikoni ambacho mkewe alikinolea kwenye ngazi ya nyuma, na machungwa yalitoka kama yamegongwa na lori.

Akakata kamba ya mbuzi. Akachonga kigingi. Akashuka mgombani, akakata majani makavu hadi jasho likamtoka, akiimba tenzi za kanisani. Kisha akaona tatizo: kielelezo kikibaki kabatini na mwenye nyumba yuko mgombani, kinaweza kuibiwa. Je, ulinzi wa kielelezo ni wa nani? Ni wa mahakama. Na mahakama kwa wakati huu ni nani? Kwa hiyo mahali salama kuliko pote palikuwa kiunoni mwake. Akanunua mkanda mpana kule soko la Memorial, kwenye mitumba, na koti refu la kijivu la kukifunika, ili asimtishe mtu.

"Baba Stella," mkewe alimwambia, "umekuwa mwindaji?"

"Natunza kielelezo."

"Kitunze basi. Lakini ukilala kivue, jana usiku ulinichoma kwa mpini."

Jumapili alikwenda nacho ibadani. Watu wengi walimshika mkono siku ile na kutabasamu, naye akajua ni kwa ajili ya koti.

Sasa, Mzee Elimringi alikuwa pia mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, mmoja wa wale wazee wawili wanaokaa pembeni ya hakimu na kutoa maoni yao. Jumatano iliyofuata aliitwa. Ilikuwa Machi, mji wa Moshi ukichemka kama sufuria, lakini hakuvua koti. Aliingia, akainama mbele ya hakimu, mama mmoja kijana mwenye sauti ya chini, akaketi kwa uangalifu ili ala isimchome nyuma ya kiuno.

Shauri lilikuwa la Tabitha, muuza ndizi. Mkusanya ushuru wa sokoni alidai kwamba alipomwendea, mama huyo alimtisha kwa kisu. Tabitha alisimama kizimbani, mnene, amejifunga kanga mbili, hana hata chembe ya majuto.

"Mheshimiwa, mimi nakata chane za ndizi," alisema. "Kisu nilikuwa nacho mkononi kabla yeye hajazaliwa. Alinikuta nacho. Angenikuta nanyonyesha angesema nimemtisha kwa ziwa?"

Watu walicheka. Hakimu aligonga meza. Mzee Elimringi, ambaye hakucheka, aliomba ruhusa ya kumwuliza mshtakiwa swali.

"Mama, hivi hujui kwamba mtu mwenye heshima zake hatembei mjini na kisu? Nyumbani kina mahali pake. Shambani kina mahali pake. Lakini mbele za watu!"

"Nimekusikia, baba," alisema Tabitha.

"Naomba nikione hicho kisu, mheshimiwa."

Kisu cha Tabitha kiliwekwa juu ya meza ya hakimu. Kilikuwa kitu cha kusikitisha, mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mzee Elimringi alisimama, akainama juu ya meza akipima makali kwa jicho la mtu ambaye sasa anajua makali ni nini. Alipoinama, koti lilipanda mgongoni.

Ikasikika sauti ya Tabitha, tamu kama asali:

"Mheshimiwa, naomba na mimi kuuliza swali."

"Uliza."

"Yule baba anayesema kisu kina mahali pake, mahali pake ni pale kwenye matako?"

Kicheko kilichozuka kilisikika hadi kwa washona viatu barabarani. Mgambo wa mlangoni alilazimika kutoka nje. Mzee Elimringi alijinyoosha, akavuta koti chini, lakini ni nani anayefunga zizi ng'ombe wakiwa wameshafika mtoni? Masikio yake yalikuwa ya moto. Alitamani sakafu ile ya saruji, aliyoikanyaga miaka yote ya ukarani, impasukie.

"Mzee," hakimu alisema polepole, "una kisu?"

"Ni kielelezo, mheshimiwa."

"Cha shauri gani?"

Alifikiria sebule yake, kreti la soda, Filemon akijitazama kiunoni. Hakuna shauri lililokuwepo. Alikuwa amemnyang'anya kijana wa watu kitu chake, basi.

"Cha mkwe wangu," alisema. "Nilimchukulia nikisema ni kosa kutembea nacho."

"Na wewe unatembea nacho kwa sababu gani halali?"

Alitafuta sababu. Alizijua zote, alikuwa amezisikia kwa washtakiwa wa kila namna, na zote sasa zilimkimbia kama kuku. "Nakipenda, mheshimiwa," alisema mwishowe kwa sauti ndogo.

Safari hii hakuna aliyecheka sana. Hata Tabitha alimtazama kwa huruma. Hakimu aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika, akajifanya anakohoa.

Alimwondoa kwenye shauri lile, akaweka mzee mwingine mahali pake. Lilipoendelea, mkusanya ushuru aliulizwa kama alikimbia, au alipiga kelele, au alifanya lolote linalofanywa na mtu aliyetishika. Akakiri kwamba alibaki palepale akila ndizi mbivu. Tabitha akaachiwa. Mzee Elimringi naye alipewa onyo na agizo: akirudishe kisu kwa mwenyewe, mkononi, leo hii, kikiwa kimefungwa.

Alikifunga kwa gazeti, akapanda gari la Kilema akiwa amekikumbatia kama mtoto mchanga. Njia nzima alipanga maneno. Mama yake Filemon alikuwa uani akipepeta maharage. Alipomwona baba yake Stella akiingia peke yake, na kifurushi, alitupa ungo.

"Amekuja mwenyewe!" alilia, akidhani ameleta jibu la posa, na vigelegele vikapasua mgomba. "Mkwe amekuja mwenyewe!"

Kabla hajaketi, majirani walishafika. Mbuzi alisikika akilalamika nyuma ya nyumba. Akaletewa supu ya mtori, akaletewa kata ya pombe ya mbege. Mjomba yule wa soda alimshika mikono yote miwili.

"Jamani, nisikilizeni," alisema Mzee Elimringi. "Nimekuja kwa amri ya mahakama."

Mjomba alimwachia mikono. "Ndoa ya mahakamani? Meku, mzee wangu, hapana! Sisi ni Walutheri!"

Ikabidi aeleze. Alianza kwa lugha ya sheria, akakwama, akaishia kusimulia tu: chungwa, koti, meza ya hakimu, Tabitha. Alipofika kwenye swali la Tabitha, mama yake Filemon alianguka juu ya maharage kwa kicheko. Filemon peke yake hakucheka. Alipokea kifurushi kwa mikono miwili na kusema, "Pole sana, baba. Mimi pia siku ya kwanza nilimenya machungwa hadi mama akanikataza."

Mzee Elimringi alimtazama kijana huyo kwa mara ya kwanza bila miwani.

"Baki nacho, baba," Filemon aliongeza. "Mimi nitapata kingine."

"Hapana." Neno hilo lilimuuma kulitoa. "Nitakuja kukitumia hukuhuku, nikija kuwatembelea wewe na Stella." Kisha akasikia alichokisema, na uani wote ukasikia, na vigelegele vikaanza upya.

Alifika nyumbani jua likizama, na paja la mbuzi begani. Stella alikuwa barazani akisahihisha michoro ya watoto, mama yake pembeni.

"Nimekuoza," alisema, akijitupa kitini. "Usinilaumu. Mambo yaliniponyoka."

Stella alimtazama mama yake, mama yake akamtazama Stella, wote wawili wakashindwa kujizuia.

"Baba, tangazo la kwanza la ndoa lilisomwa kanisani Jumapili. Mama alimwambia mchungaji kwamba utakubali tu. Ulikuwa umesinzia."

Mzee Elimringi aliwaza zile tabasamu zote mlangoni, na mikono yote ile. "Kumbe haikuwa koti," alisema.

"Koti gani?" aliuliza Mama Stella.

Alilitua paja la mbuzi lililokuwa likimdondoshea mafuta begani.

"Na la pili linasomwa lini?"

"Jumapili hii."

"Basi mniamshe," alisema.