Ubao wa Shingoni

Wiki nzima binti yangu Darlène anavaa ubao mdogo shingoni. Alimwomba mwenzake maji kwa Kiswahili, lugha tuliyotoka nayo Kongo, na kwenye shule yao hapa Kansanga hilo ni kosa. Ataruhusiwa kuuvua akimchongea mtoto mwingine aliyekosa kama yeye. Hataki. Sasa hasemi chochote, hata nyumbani.

Leo nilikwenda darasani kwake. Mwalimu Sulaimani akatabasamu mbele ya darasa zima.

"Usijali, Mama Darlène. Mtoto ameanza kuzoea shule, siku hizi ametulia kabisa. Humu ndani ni Kiingereza tu, na sheria ni ya wote."

Yote hayo aliniambia kwa Kiswahili.

Nikauvua ubao shingoni mwa mwanangu, nikamvika yeye.

"Haya, mwalimu. Na wewe tafuta wa kumchongea."