Masanduku ya Sanamu

Saa kumi na nusu, nusu saa kabla ya bustani ya kasri kufungwa, Zinaida alikuwa ameshazunguka bwawa mara tatu na mumewe, Prohor, haonekani. Alimwacha kwenye benchi dakika tano tu akanunue chai. Dakika tano! Alijilaani mpaka akachoka. Prohor wa siku hizi alikuwa mtu wa kuvaa soksi mikononi, na baridi ile haikuwa na utani: atakayelala nje usiku huo hataamka.

Bustani nzima mafundi walikuwa wakizifunika sanamu za marumaru kwa masanduku ya mbao, kama kila mwaka kabla ya theluji. Nyundo zililia kila upande.

"Mzee mwenye koti la kijivu, hamjamwona?"

"Mama, leo nimeona wazee mia, wote wa kijivu," alijibu msimamizi wao, Vadim, misumari mdomoni. "Jaribu getini."

"Getini ndiko nitokako. Huyu alikuwa fundi wa hapa hapa, miaka thelathini na moja."

Vadim akaitema misumari. "Mzee Prohor? Yule wa matundu?"

Wa matundu, ndiyo. Aligombana na dunia nzima kuhusu matundu ya hewa kwenye masanduku. Bila hayo jiwe hutoka jasho, jasho likaganda, jiwe likapasuka. Jina la mkewe lilimtoka tangu Agosti, lakini matundu, thubutu!

Hapo Zinaida akageuka kuyatazama masanduku yaliyokwisha kufungwa.

"Mmefunga masanduku mangapi tangu saa tisa?"

"Ishirini hivi. Lakini mama, mtu mzima..."

"Ameingia kukagua! Ninyi mko kwenye chai, ubao wa mwisho bado, yeye kajibanza nyuma ya sanamu anapapasa mbao zake. Mmerudi, mmegongelea tu."

"Si angepiga kelele?"

"Fundi hapigi kelele, anagonga. Na nani atamsikia kwa nyundo hizi? Zisimamishe!"

"Theluji inaingia usiku huu na bado masanduku sita. Tukimaliza tutamtafuta wote."

Zinaida alivua glovu, akakiweka kiganja chake juu ya kichwa cha msumari uliokuwa ukingoja.

"Haya, gonga."

Vadim akamtazama, akaiweka nyundo chini. Akapuliza filimbi. Nyundo zikanyamaza moja moja, ya mwisho ikiwa mbali, kule bwawani. Kimya. Zinaida akabana pumzi.

Ngo, ngo, ngo. Kisha tena, dhaifu zaidi.

Walikimbia wote. Ubao ulipong'olewa, Prohor alikuwa amesimama ubavuni mwa mungu wa kike wa marumaru, midomo ya bluu, kiatu mkononi.

"Nani kaziba matundu ya juu? Mabwege ninyi!"

Zinaida alimshika mashavu kwa mikono miwili, analia bila kuona haya. Prohor akajitoa taratibu, kwa adabu ya mwanamume mbele ya mke wa mtu.

"Samahani, mama. Una simu? Mpigie mke wangu, mwambie nimechelewa kazini. Huwa anahangaika sana."

"Namba yake?"

Akaitaja namba ya nyumbani kwao, yote, bila kukosea hata tarakimu moja. Zinaida akaipiga. Iliita, ikaita, katika nyumba isiyo na mtu.

"Anasemaje?" aliuliza Prohor, akitetemeka.

"Anasema anakusubiri."