Kadi Isiyo na Kitu cha Kushika

Mtihani wenyewe ni wa kadi moja. Unaingia ofisini kwao, pale pa viza, unachomoa kadi kwenye boksi, unakuta neno moja la Kihispania. Useme maana zake zote, halafu utunge sentensi tatu. Ukifaulu unagongewa mhuri, unakwenda kuishi kwa binti yako. Ukianguka, urudi mwakani. Sheria hiyo kaitunga nani? Si mshona magodoro kama mimi, hilo naapa. Mimi darasa la nne, ndiye wa kuulizwa maana ya maneno!

Binti yangu ameolewa huko. Mjukuu ana miaka mitatu. Kwenye simu huniita "abuelo," babu, kisha anakimbia kwa sababu sijui la kumjibu.

Aliyeanza kujifunza ni marehemu mke wangu. Tulikuwa twende wote. Aliandika neno kwenye kipande cha kitambaa cha godoro, akakipachika kwa pini kwenye kitu chenyewe: silla kwenye kiti cha kitambaa, cortina kwenye pazia. "Bwana Sindano," alikuwa akinicheka, "akili yako iko vidoleni. Usiposhika hukumbuki." Kweli kabisa. Hata leo cuchara haitoki mdomoni mpaka nishike kijiko.

Alifia wodini. Mtungi wa hewa ulikuwepo, ila stoo imefungwa na ufunguo anao mkubwa wao, na mkubwa yuko mkutanoni. Mkutano wa kuboresha huduma! Basi.

Siku ya mtihani nilikaa kwenye benchi, mikono imelowa jasho kama nimetoka kunawa. Dobi mmoja aliyenitangulia alitoka meno yote nje.

"Nimepata mesa! Meza, mzee wangu! Nimeigonga hivi, ngo ngo, nikasema yote."

"Na vigumu vipo?"

"Vipo. Omba upate kinachoshikika."

Nikaomba. Nikaitwa.

"Shikamoo, mzee," alisema mama mtahini, bila kuinua macho.

"Marahaba."

"Chomoa."

Nikachomoa. Pena.

Nikazungusha macho: meza, feni, pazia, kalenda. Hakuna pena humo ndani. Saa ya ukutani ikawa inanipigia kichwani.

"Mzee, muda unakwenda."

Mkono ukapanda wenyewe kwenye mfuko wa shati, ukagusa vitundu viwili vya pini. Hapo nikamsikia mke wangu, kama siku ile ya kupachika maneno: "Hili nalo nilipachike wapi? Halina miguu wala bawaba." Akalipachika kifuani kwangu. "Wewe unayenuna toka asubuhi, kaa nalo."

"La pena," nikasema, kidole kwenye tundu. "Kwao ni neno la kike. Kwanza ni huzuni. Tengo mucha pena, mi mujer ha muerto. Nina huzuni nyingi, mke wangu amefariki."

"Pole sana. Ya pili?"

"Adhabu ya mahakama. El jefe no cumple ninguna pena. Mkubwa hatumikii adhabu yoyote."

Kalamu ikasimama. "Mkubwa gani?"

"Mwenye ufunguo."

Akaendelea kuandika.

"Na kwa baadhi ya nchi zao ni haya, ile ya kuona haya. Me da pena hablar con mi nieto. Naona haya kuongea na mjukuu wangu."

"Sentensi zimetimia. Ila kuna msemo mmoja wa neno hilo umeuruka, na wao huusema kila siku."

Nikapapasa shati lote. Hakuna tundu jingine.

"Siujui, mwanangu."

"Vale la pena. Ni pale jambo linapostahili taabu yake." Akashusha pumzi. "Mkubwa wangu anataka yote, mzee. Kikipungua kimoja, haruhusu."

"Yuko wapi nimwombe?"

"Mkutanoni."

Nikacheka. Kicheko kibaya, hata mwenyewe kilinitisha. Yule mama akanitazama, akatazama mfuko niliokuwa bado nimeushika. Kisha akavuta mkoba wake, akatoa ufunguo mdogo, akafungua droo, akatoa mhuri.

"Sema, nisikie."

"Vale la pena."

"Tena, kwa sauti."

"Vale la pena!"

Mhuri ukashuka. Nilitoka mbio ukumbini nikiupuliza wino ukauke, nikigeuka nyuma kila hatua tatu, mkubwa asije akatoka mkutanoni akanirudisha.