Kikombe Kilicholala

...kimelala, mimi nakiona kimelala, bapa kama picha ya kalenda, na huyu binti yangu ananiambia kimesimama, tena si kusimama tu, eti kimetokeza nje ya kioo na mpini wake unanielekea, shika mpini, Mama, anasema, nami nimenyoosha mkono nikashika hewa, nikashika tena, hewa ileile, na Kipara, mwenzake anayesaga lenzi, kacheka, taratibu bi mkubwa, hakiunguzi, nikamwambia ungekuwa na nywele ningezivuta, tukacheka wote watatu, kicheko kikaisha na kikombe kikabaki palepale, bapa... kidevu changu kimekaa kwenye kibao walichokipigilia, nisitikisike, maana mashine bado haijajua kufuata kichwa cha mtu, na kisanduku chenyewe sasa hakizidi redio ya jikoni, kile cha kwanza kilikuwa kabati zima, kikinguruma kama mashine ya kusaga unga, miaka yote hii anapunguza, anapunguza, ili mtu akiweke mezani ageuze mambo ya kompyuta kwa vidole, hewani, kwa nini asibonyeze tu kama watu wengine sijui, hilo sikuulizwa, naulizwa moja, kiko mbele au nyuma, na naulizwa mimi kwa sababu sijui kusifu, kabati lile nililitazama nikasema picha inatetemeka, inatia kichefuchefu, wenzake wote walishaipigia makofi, yeye hakubishana, alilifungua skrubu moja moja akaanza upya kwa neno langu tu, na kweli lilikuwa linatetemeka... kesho wanakuja watu wa kiwanda kukitazama, wasipokitaka karakana hii inafungwa, sema ukweli, Mama, na Kipara anasema mimi nakiona kimetoka kabisa, kidogo kinitoboe pua, nyamaza wewe, nimemuuliza Mama... binti yangu alinieleza siku moja, jicho la kulia linapewa picha yake, la kushoto yake, kichwa ndicho kinaziunganisha hadi kitu kinainuka, jicho moja peke yake haliinui kitu, nami niliitikia ee, ee, kama mtu anayesimuliwa habari za jirani asiyemjua... joto humu ndani, nasema, najifanya napangusa jasho, kitambaa kinapita jicho la kulia na kikombe kipo, hakijabadilika hata chembe, kinapita la kushoto... narudia, labda nimekosea... la kushoto nikilifunika ni ukungu, moshi wa kuni mbichi, na ndani ya moshi hakuna kikombe, hakuna Kipara, hakuna mwanangu... kumbe ile chai niliyoimwaga pembeni ya kikombe nikamtukana aliyeunda meza, kumbe ule uzi, nimezunguka duka zima nikigomba kwamba sindano za siku hizi hazina tundu, muuza duka wa watu akanifungulia pakiti baada ya pakiti, na ngazi ya mwisho pale mlangoni ambayo kila siku inakuwa chini kuliko jana... mama yangu alianza hivihivi, la kulia kwanza, la pili likafuata, tukawa tunamshika mkono kwenda msalani, na alikuwa mkali yule, mimi mtoto kwake, ukali ukamwisha wote, utamfokeaje anayekupeleka msalani... nikisema kimelala atakifungua, leo hii, kizima kabisa, na kesho wageni watakuta vyuma vimetandazwa mezani, nikisema kimesimama nitakuwa nasifia nisichokiona, na ataniamini vilevile, huo ndio ubaya wake, Kipara mwenye macho mawili ananyamazishwa ili nisikilizwe mimi... Mama, kiko wapi, anauliza tena, sauti imeshuka, imekuwa ile ya utotoni akiniletea daftari la hesabu nisahihishe, na mkono umeshafika kwenye bisibisi, nauona kwa hili lililobaki, niambie basi kama ni kibovu, anasema, usinionee huruma, sasa lini nimemwonea mtu huruma, miaka yote nilidhani ananiitia ulimi wangu, ulimi upo, haujapungua hata kidogo, alikuwa ananiitia macho, na hata hospitali sitaki aitaje leo, leo ana wageni wa kuwaza, kidevu kwenye kibao, kikombe mbele yangu au sijui nyuma, wote wawili wananitazama, na neno lipo mdomoni, fupi, bovu, nasema, weka chini bisibisi, mwanangu, kitu chako kizima, mimi ndiye wa kufunguliwa, kuanzia leo tafuta mtu mwingine wa kumuuliza...